Uchungu wa Mkwinda

Siwema alikimaliza kikombe chote cha mkwinda bila kukunja hata ukope, akakirudisha kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama angeweza kuongezewa.

Uwanja wa Kighendo ukalipuka kwa vigelegele. Wanawake walimzunguka bibi harusi wakamfunika kwa kanga, wazee wakagonga fimbo chini, na Kajiru, mlinzi wa ndiva, yaani bwawa la kumwagilia, akatangaza kwamba msimu huu maji yatafunguliwa kwanza kwenda mashamba ya Nakiete Msuya, kwa kuwa nyumba hiyo imepata mke mwenye moyo. Nakiete naye alipiga kigelegele, tena kirefu. Semboja ni mwanawe wa pekee, na mkwe huyu kutoka Pangani alikuwa amekuja baada ya mwanawe kukataa wasichana wa mlima mzima. Lakini furaha yake ilidumu pumzi ya kigelegele kile tu. Aliposhusha mkono kutoka mdomoni, wasiwasi ulikuwa umeshamkaa rohoni.

Asubuhi ile ile Siwema alikuwa ameonja kahawa isiyo na sukari, akaikunjia uso mpaka Semboja akacheka. Mtu anayeshindwa na kahawa hawezi kuushinda mkwinda. Mkwinda wa Kighendo ulikuwa mzizi wa kuwatoa wanaume machozi, na desturi yote ya kikombe cha kwanza ilijengwa juu ya jambo hilo: kabla ya mavuno unachimbwa mzizi mmoja, unachemshwa, na bibi harusi mpya kuliko wote anaunywa mbele ya watu. Akikunja uso watu hucheka, naye hucheka, ila jina la utani litamganda. Nakiete mwenyewe, siku yake, aliukunja uso mpaka wakamwita Ndimu, na mashemeji zake hawajaliacha jina hilo hadi leo.

Alipapasa pindo la kanga yake. Ndani ya fundo kulikuwa na kipande cha sukari guru. Zamani mkwe akimaliza kikombe aligeuka, akanyoosha mkono, na mama mkwe akamtilia sukari kiganjani kumpoza. Watu walisema siku hiyo ndiyo mkwe anapoacha kuwa mgeni. Siwema hakugeuka, kwa sababu hakuwa na haja. Na Nakiete alipokumbuka vizuri, hata wakwe wa miaka ya karibuni hawakuwa na haja. Walikunywa wote kwa nyuso laini, na mlima ukajisifu kwamba wasichana wa siku hizi wana moyo na malezi yamerudi. Yeye mwenyewe alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Jioni hiyo hiyo aliomba abaki na masalia ya sufuria. Watu wakadhani anataka kuweka kumbukumbu ya heshima ya mkwe wake, wakamwachia.

*

Maabara ya Kighendo ilikuwa ghala la kahawa la enzi za mababu, na hadi leo mvua ikinyesha kuta zake zilinuka kahawa. Humo Nakiete alikagua mizizi na kupiga muhuri, kwani hakuna kikapu kilichoteremka kwa kebo kwenda bondeni bila alama ya mkono wake. Kule chini, tangu mabwawa makubwa yachimbwe na vidonge vya homa vichoke, watu waliishi kwa mkwinda. Msimu wa mvua ukianza, homa ya mabwawa iliingia nyumba kwa nyumba, na kikombe kimoja cha mzizi huu, kwa mgonjwa aliyewahi, kilikuwa kikitosha kuifukuza.

Aliweka masalia ya sufuria mbele ya Pua. Pua ilikuwa mashine ndogo ya wanunuzi, na kazi yake ni kunusa kwindini, kile kilichoupa mzizi jina lake la dawa. Ikanusa, ikawasha taa ya kijani. Mzizi safi, daraja la kwanza.

Nakiete hakutosheka. Alitoka akapanda mlimani mwenyewe, akipita kando ya mfereji, huku mashamba yakimtazama pande zote mbili. Yalikuwa mashamba ya kumfurahisha mtu yeyote. Mikwinda, ambayo kwa asili ni mimea ya kutambaa na kuparamia miti, ilikaa mifupi, imenona, majani yake ya kijani kibichi karibu na weusi. Hiyo ilikuwa kazi ya kaachini. Wataalamu walioileta waliiita kwa jina refu, moja ya kemikali za kudhibiti ukuaji, lakini watu wa Kighendo walipoona kinachofanya waliibatiza upya. Mmea ulioinywa uliacha tamaa ya kupanda juu, ukakaa chini na kula, na chakula chote kikaenda kwenye mzizi. Mzizi uliokuwa ukisubiriwa mpaka mtoto aote meno na kuyang'oa, sasa ulinenepa kwa msimu mmoja, mzito wa kujaza mikono miwili.

Chachu iliyotengeneza kaachini iliishi ndani ya pipa kando ya ndiva, ikidondosha dawa yake majini tone kwa tone. Mahali pengine wangeigawa kwa chupa, kila mtu na shamba lake. Kighendo hawakuweza. Ndiva ni bwawa la wote: maji ya kijito hukusanyika humo, yakafunguliwa kwa zamu, na tangu mababu maji hayo hayakujua tajiri wala maskini. Kaachini ilipokuja, watu walisema afadhali iingie majini, asiachwe mtu nyuma. Uamuzi huo ulimfanya Nakiete alie kwa furaha wakati ule. Sasa, akipanda mlima kwa kuhema, aliona upande wake wa pili: hapakuwa na shamba hata moja lisiloinywa, kwa hiyo hapakuwa na mzizi wa kulinganisha. Wote walikuwa wamebadilika pamoja, na nani angemwambia nani?

Ila maji hayapandi mlima. Juu ya ndiva, kwenye mwamba ambapo kijito kilitokea, alikuta mkwinda mmoja uliojiotea. Ulikuwa umechakaa. Mbuzi walikuwa wameula, jua limeuchoma, na alipochimbua alikuta fuko naye ametafuna sehemu yake. Mzizi wenyewe ulikuwa mwembamba kama kidole, umepinda, umejaa makovu. Nakiete aliufuta udongo kwa kanga, akaumega, akautafuna.

Uso wake ulijikunja wote. Machozi yakamtoka, masikio yakaziba, akakaa juu ya mwamba akicheka peke yake kama kichaa, kwa sababu alikuwa ameukumbuka uwanja, na vicheko vya siku ile, na mkono wa marehemu mama mkwe wake ukimtilia sukari kiganjani. Alifungua fundo la kanga, akala ile sukari guru mwenyewe. Kisha akashuka haraka.

Maabarani alikuwa na mashine nyingine, kongwe, ya siku zake za chuo, ambayo haikunusa kitu kimoja tu bali ilichambua kila kilichomo. Ilifanya kazi polepole na kwa kelele, na watu walimtania kwamba inasaga mahindi. Ilipomaliza, jibu lilikuwa wazi hata kwa asiyesoma. Katika mzizi mwembamba wa mwambani, kwindini ilikuwa na ndugu zake, kundi zima la vitu vichungu vinavyokaa nayo. Katika mzizi mnene wa shambani, kwindini ilikuwa peke yake.

Mmea hautengenezi uchungu kwa kupenda. Unautengeneza kwa ajili ya fuko, kwa ajili ya kiangazi, kwa ajili ya mbuzi. Kaachini ilikuwa ikiuambia mkwinda kutwa kucha kwamba mambo ni shwari, nao ukaamini, ukanona, ukaacha kujihami. Na Pua, iliyofundishwa kunusa kwindini tu, ilikuwa kama mtu anayemwona baba mlangoni akadhani nyumba nzima imerudi.

Swali moja lilibaki, kama hao ndugu walikuwa na kazi yoyote mwilini mwa mgonjwa au walikuwa karaha tu ya ulimi. Alimpigia Tunu, muuguzi wa zahanati ya bondeni, ambaye walisoma pamoja. Tunu alikuwa mchangamfu kama kawaida. Alimpongeza kwa mkwe, akaulizia wote waliohudhuria, kisha Nakiete akamuuliza siku hizi wagonjwa wanakunywa mkwinda vipi.

Tunu alisema wanakunywa vizuri kuliko zamani, hata watoto hawalii. Ila sasa wanawapa vikombe viwili, na wengine vitatu, kwa sababu homa ikishuka haikawii kurudi.

"Tangu lini?" Nakiete aliuliza.

Tunu alijaribu kukumbuka. Akasema hakuwa amelifikiria, lilikuja taratibu. Akauliza kama kuna tatizo, kwa maana mvua ziko karibu na zahanati imeagiza vikapu vingi kuliko mwaka jana. Nakiete alimwambia atampigia.

*

Kajiru alikuwa ndivani akisafisha nyasi kwenye kizibo, suruali ameikunja mpaka magotini. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Nakiete, mtu wa mizaha, lakini pembe ya msaragambo ilikuwa chini ya mkono wake, na akiipuliza watu wote hutoka na majembe kwa kazi ya pamoja bila kuuliza. Alimwona shemeji yake akija, akamuuliza Ndimu amekuja kuchukua zamu yake ya kwanza ya maji, au bado analewa sifa za mkwe.

Nakiete alimweleza yote, kuanzia kikombe hadi simu. Kajiru alisikiliza akiwa amesimama ndani ya maji. Nakiete alipomaliza, Kajiru alitoka, akakaa ukingoni.

"Pua imesema nini?"

"Imesema mizizi ni mizuri."

"Na wewe?"

"Mimi nasema Pua haijawahi kuumwa homa, shemeji."

Kajiru alitazama mashamba. Hakuwa mtu mbaya wala mpenda fedha kupita kiasi. Alisema wazi kwamba anaogopa. Ikiwa Nakiete atazuia muhuri, vikapu havitashuka, na mvua zitawakuta watu wa bondeni mikono mitupu. Dawa ya nusu si afadhali kuliko kutokuwa na dawa? Mtoto akishushiwa homa hata kwa siku mbili, si mama yake amepata kulala?

Hilo ndilo swali alilokuja nalo Nakiete njia nzima. Alijua ni swali la haki. Alikuwa ameliweka upande huu na upande ule, na kila upande ulikuwa na mgonjwa. Lakini alikuwa na umri wa kukumbuka vidonge.

"Vidonge havikufa siku moja," alisema. "Vilipunguzwa nguvu kidogo kidogo, watu wakameza nusu, homa ikapigwa nusu, ikainuka imejifunza. Mkwinda nao ukiifundisha homa hivyo, hatuna mzizi mwingine. Nikipiga muhuri, nimewasaidia wa mwaka huu nikawazika wa mwaka kesho. Nisipopiga, wa mwaka huu watanilaani, na watakuwa na haki."

"Basi huna la kufanya."

"Ninalo moja, ila si langu peke yangu."

Akamwambia. Kufunga ndiva. Kulimwaga pipa la kaachini, kuyaacha mashamba yakauke mpaka majani yalegee, na kuyapunguza kwa panga, kuitia mizizi hofu ikumbuke kwamba dunia ina fuko na kiangazi. Wiki zilizobaki kabla ya mavuno huenda zikatosha. Mizizi ingesinyaa, vikapu vingekuwa vichache, na huenda vilevile uchungu usirudi kwa wakati, wakapoteza vyote.

Kajiru alicheka, lakini si kwa raha. Alisema pembe ile imewaita watu kuchimba ndiva, kuziba ndiva, kusafisha ndiva. Haijawahi kuwaita wafunge maji yakiwa tele. Tena kuna jambo jingine, na hapo aliinamisha macho. Kila nyumba yenye mke aliyesifiwa kwa uso laini itasikia kwamba mke wao hakuwa na moyo wowote, alikunywa maji ya mizizi. Ya kwake ikiwemo, kwani mke wa mwanawe alisifiwa mwaka juzi na hadi leo anatembea kifua mbele.

"Sitapuliza pembe niwavue watu heshima zao wakati yako umeifungia sandukuni," alisema. "Anza na nyumba yako. Siwema akikubali, nitapuliza."

Nakiete aliona kwamba ni haki. Ndiyo maana ilimwuma.

*

Siwema alikuwa jikoni akikuna nazi aliyoletewa na ndugu zake, akiimba kwa sauti ndogo. Tangu jana alikuwa mtu mwingine. Alipofika mlimani alitembea kama anayeogopa kuvunja vitu, sasa alijua sufuria iko wapi na mwiko uko wapi, na wanawake wawili walikuwa wamepita asubuhi kumwamkia kwa jina. Nakiete alisimama mlangoni akamtazama, na moyo ukamsaliti. Angeweza kukaa kimya. Mizizi ilikuwa na taa ya kijani, mkwe wake alikuwa na furaha, na hakuna aliyekuwa akilalamika. Kwa muda alioutumia kufuta miguu mlangoni, alitamani kwa dhati kukaa kimya.

Kisha akaingia, akavuta kigoda, akamweleza. Hakupamba. Alisema kikombe cha jana hakikuwa na uchungu uliostahili, na kwamba sifa alizopewa zitaondoka akisema hivyo hadharani, na zamu ya kwanza ya maji pia, na kwamba hatamlazimisha.

Siwema aliacha kukuna. Aliinamia mbuzi ya nazi, halafu Nakiete akashangaa kuona mabega ya msichana yakitikisika. Alikuwa anacheka.

"Mama, mimi nilifanya mazoezi," alisema. "Tangu posa ilipokuja. Kule kwetu nilikuwa nakunywa shubiri kila siku mbele ya kioo, nikijitazama uso, ili nisije nikawaaibisha. Bibi yangu alidhani nina ugonjwa. Kahawa ya jana ilinikuta tu sijajiandaa. Halafu jana nakunywa, naona ni kama chai iliyopoa. Nikajua mmenihurumia kwa kuwa mimi ni mgeni, mkanipunguzia makali. Nikaona nisiseme, nisiwavunjie wema wenu. Nikaomba cha pili ili muone nimeshukuru."

Nakiete alijikuta naye anacheka mpaka akashika ukuta. Watu wazima wote wa Kighendo, wenye fimbo na hekima zao, walikuwa wameuona upole wa kikombe wakauita ushujaa wa bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe akauita huruma ya wakwe. Kila mmoja alimdhania mwenzake mema, na ndani ya mema hayo dawa ilipotea bila mtu kuona.

Siwema alipangusa macho. Akauliza, sasa kwa umakini, kama ule mzizi wa mwambani bado upo. Nakiete akasema kipande kipo. Akauliza kama kweli ni mkali. Nakiete akamwambia shubiri ni binamu yake mdogo.

"Na nikikunja uso, mama?"

"Utaukunja, mwanangu. Hakuna asiyeukunja."

Msichana alirudi kwenye nazi yake, akakuna kidogo, kisha akasema sawa, afadhali apewe jina la utani kwa kitu cha kweli.

*

Pembe ya msaragambo ilipolia, watu walitoka na majembe na ndoo wakidhani ndiva imepasuka. Walipoiona imejaa na kutulia, wakaanza kuulizana. Kajiru alisimama juu ya ukingo akasema kazi ya leo itatanguliwa na kikombe.

Nakiete alieleza kwa maneno machache, kwa kuwa alijua maneno mengi hunuka woga. Aliposema kwamba wakwe wote wa miaka ya kaachini hawakuonja mkwinda wa kweli, minong'ono ilianza, na mke wa mwana wa Kajiru, Namcheja, akasema kwa sauti kwamba mtu mwenye mkwe mpya asitafute sifa kwa kuchafua za wenzake. Siwema ndiye aliyepita mbele, akachukua kikombe kilichochemshwa kwa mzizi wa mwambani, akanywa.

Mazoezi yote ya kwenye kioo hayakumsaidia. Jicho moja lilifumba, kisha la pili, mdomo ukaenda upande ambao midomo haiendi, akapiga mguu chini mara kwa mara kama anayefukuza siafu. Lakini hakutema. Alimeza, akainua kikombe kuonyesha ni kitupu, akakohoa.

Bibi mmoja wa nyuma kabisa, ambaye jina lake la utani tangu usichana lilikuwa Kinyago, alisema huo ndio mkwinda, huo ndio alioolewa nao yeye, na akaanza kucheka kicheko ambacho hakikuwa na mwisho. Namcheja alikuja mbele kwa hasira, akadai kikombe. Alikunywa akiwa amemkazia macho Nakiete, na kwa nukta moja ilionekana atashinda. Kisha uso wake ukaanguka wote. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na Namcheja, akitokwa na machozi ya uchungu na mengine, akamshika Siwema bega ili asianguke. Wakwe wengine wakapanga foleni wenyewe. Hakuna aliyetaka kubaki na uso laini tena.

Maswali magumu yalikuja baadaye, na yalikuja kweli. Watu waliuliza itakuwaje mizizi ikisinyaa bure, na nani atawajibu wa bondeni. Nakiete hakuwaahidi kitu. Alisema amemwambia Tunu ukweli, na Tunu amekubali kuwawekea wagonjwa wazito masalio ya mizizi ya kabla ya kaachini aliyonayo ghalani, na kuwafuatilia wengine kwa karibu. Aliyekata shauri mwishowe ni Kinyago. Alisema maji haya waliyatia dawa pamoja ili asiachwe mtu nyuma, basi na wayafunge pamoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kajiru akateremka, akashindilia kizibo. Mfereji ulipiga mlio wa mwisho, ukakauka.

*

Wiki zilizofuata hazikupendeza macho. Majani yalilegea, yakageuka manjano kingoni, na kila aliyepita njiani alifyonya. Mafuko yalirudi, na watu ambao zamani wangeyategea mitego sasa waliyatazama yakichimba, wakijizuia. Semboja alisema anahisi kama anamnyima mtoto chakula. Nakiete alichimba mzizi mmoja kila alipopata nafasi, akauweka kwenye mashine yake ya kusaga mahindi. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha ndugu mmoja wa kwindini akaonekana, mwembamba, kama anayechungulia mlangoni. Kisha mwingine. Alipomwona wa tatu alitoka nje akakaa kwenye ngazi, asijue amwambie nani kwanza.

Hawakurudi wote. Aliwaambia watu hivyo, na akamwambia Tunu hivyo: mizizi ya mwaka huu haitafika ukali wa mwambani, lakini imekaribia, na ya mwaka kesho itaanza bila kaachini tangu mbegu. Mizizi ilikuwa imesinyaa na kupinda, imejaa alama za meno. Pua ilinusa, ikawasha taa ya kijani ile ile, kwa kuwa kwake hakuna kilichobadilika.

Siku ya kuteremsha vikapu, Kajiru alisema muhuri hautapigwa kabla ya kikombe. Mzizi ulichimbwa, ukachemshwa, na kwa kuwa hapakuwa na bibi harusi mpya kuliko yeye, Siwema aliitwa tena. Alienda akiwa amenyooka, akanywa hadi mwisho. Uso wake ulijikunja polepole, kuanzia kidevuni kwenda juu, na watu wote walikuwa wakimtazama kwa namna ambayo hawajawahi kumtazama bibi harusi, wakiomba asiwe na moyo hata kidogo. Machozi yalipomtoka, uwanja mzima ulipiga vigelegele, na kule nyuma Kinyago alipiga cha mwisho peke yake.

Siwema hakuvisikia. Alikuwa amegeuka, macho yamefumba, akinyoosha mkono hewani kumtafuta mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "sukari."

Vidole vya Nakiete vilikuwa vimeshaanza kufungua fundo.